Siku Niliyokipigia Honi Kichuguu

Jumatatu, 7 Juni 1971

Urambo kwenda na kurudi. Marobota ya tumbaku mpaka turubai likakataa kufunika. Bibi Harusi kaanza tena kugoma gia ya tatu. Nimelipa lori jina hilo kwa sababu halitembei, linasindikizwa.

Kwenye ule mwinuko wa kuingilia mjini Tabora nimepitwa na baiskeli. Wala si baiskeli tupu. Ilikuwa imepakia kitanda, miguu juu. Mwenyewe akapiga kengele, kana kwamba nilikuwa na uwezo wa kumzuia. Imeniudhi. Najua si vizuri mtu mzima kuudhiwa na kitanda.

Getini Kondo alikuwa ananisubiri. Kondo ni fundi wa karakana yetu hapa ushirika, Mzaramo wa Kisarawe, na mtani wangu kwa haki zote. Mababu ndio waliouanza utani huu kwenye njia ya misafara. Wangu walishuka kutoka huku Unyamwezi na pembe za ndovu mabegani, wake walikaa kando ya njia wakiwangoja. Sisi tunamalizia tu.

Leo kaanza kabla sijazima injini.

"Hoyee, amefika! Tumbaku imo, au umeshaivuta yote njiani?"

Kisha akawahutubia mafundi wenzake kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Kwamba mimi sioni tena. Kwamba juzi nilikipigia honi kichuguu kinipishe njia, kilipokataa nikakiamkia shikamoo. Na kwamba kutoka Kaliua nililala usukanini mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo safari pekee niliyowahi kufika mapema.

Nimecheka mpaka nikashika mlango wa lori. Nikamjibu habari za babu yake, ambazo siziandiki hapa.

Mkuu mpya wa usafirishaji alikuwa amesimama penye pampu ya mafuta, mikono nyuma. Ndugu Elirehema. Kijana wa Upareni, bado mgeni hapa. Shati lake halina hata doa la grisi. Hakucheka. Nikamhurumia. Nikadhani ni upweke.

Jumatano, 9 Juni

Nimeitwa ofisini.

Aliniamkia kwanza. Kijana ana adabu, siwezi kumnyima hilo. Akanipa kiti. Ukipewa kiti na mkuu wako, jua kuna jambo.

Kuanzia mwezi ujao naacha usukani. Nahamia stoo ya matairi. Mshahara ni uleule, kivuli kipo, hakuna vumbi. Alivyolieleza ungedhani napandishwa cheo.

Nikauliza kosa langu. Akasema si kosa, ni usalama. Amearifiwa kuhusu macho yangu. Na kuhusu kulala.

"Na nani, ndugu mkuu?"

"Mzee Maganga, ilisemwa mbele yako. Karakana nzima ilisikia. Hukukanusha. Ulicheka."

Nilibaki nimeshika kofia. Nikamweleza kwamba yule ni mtani wangu. Akaniambia na kwao utani upo, wanataniana na Wachaga, lakini hawafanyi saa za kazi, na hawafanyi juu ya roho za watu na mali ya wakulima. Nikasema kukanusha utani ni aibu, ni kama kulia kwa sababu ya kutekenywa. Akasema ataandika tu alichosikia.

Hana ubaya. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mbaya ningepata wa kumlaani.

Stoo ya matairi. Nitakaa mchana kutwa na matairi yasiyozunguka.

Mama Nyamizi nimemweleza jioni akiwa anachambua mchicha. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mume wangu," akasema, "miaka yote nakuambia, punguza kucheka." Kisha akacheka yeye. Kisha akajifuta macho kwa kanga, na sikuwa na hakika alikuwa anafuta nini.

Nimekuwa dereva tangu kabla ya uhuru. Sijui kuwa kitu kingine.

Alhamisi, 10 Juni

Kondo kaambiwa. Nyundo ikamponyoka mkononi. Nimemjua miaka mingi, sijawahi kumwona amekosa la kusema. Ilinitisha kuliko ile stoo.

Hakuniambia pole. Mtani haombi radhi, angeomba tungekuwa tumefarakana. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa shati lake la Ijumaa ingawa ni Alhamisi, akaenda kwa mkuu kunitetea.

Kaharibu. Alianza vizuri, anasema mwenyewe. Akaapa kwamba macho yangu ni mazima. Angeishia hapo. Lakini ulimi wa Mzaramo hauna breki. Akaongeza kwamba mimi naona chungu cha jirani kikiinjikwa Kaliua nikiwa hapa Tabora. Mkuu akamuuliza, "Sasa fundi, nichukue lipi? La Jumatatu au la leo? Yote umeyasema kwa sura hiyohiyo."



Neno la mwisho la mkuu: yeye hatachukua la mtu. Ataamini akiona.

Atanionaje? Kwa Bibi Harusi? Nikimwendesha Bibi Harusi hata mwenye macho ya kipanga anaonekana amelala.

Usingizi mbaya. Uji umenishinda asubuhi.

Jumamosi, 12 Juni

Mji umejaa nje ya stesheni. Treni ya kutoka Dar imeshusha magari mawili ya mbio kwenye behewa la wazi. Moja jekundu, moja jeupe. Mafupi, yameinama mbele kama kuku anayedonoa. Yana taa nyingi kuliko msikiti wakati wa Maulidi.

Ni ya Karim. Huyu ni mtoto wa hapahapa, wazazi wake ndio wenye duka la vitambaa pale mtaa wa sokoni. Alipokuwa na kaptula nilikuwa nikimpakia kwenye lori akitoka shule, anapiga honi njia nzima mpaka nikaja kumwambia aikalie mikono yake. Sasa anashindana mashindano ya magari mpaka Nairobi na Kampala. Kaja kuyajaribu kwenye ule uwanja wa zamani wa ndege upande wa Ntalikwa. Anasema Dar hakuna vumbi la maana.

Vumbi ndilo analolitafuta. Kwenye mashindano mtu wa mbele anakurushia wingu, huoni barabara, na lazima umpite. Basi gari moja linatangulia, jingine linalifukuza. Tatizo: dereva wake wa pili kashuka treni anatetemeka, malaria, sasa yuko chini ya mablanketi nyumbani kwa mama Karim.

Karim kaja ushirika kuazima fundi na gari la maji. Fundi ni Kondo. Karim akauliza pia, kwa kupita tu, kama kuna dereva wa kumtimulia vumbi.

Kondo hakumeza hata mate. "Vumbi? Mchukue Maganga. Huyu akipita kuna vumbi hata masika."

Mkuu alikuwepo. Akamtahadharisha Karim kwa heshima kwamba mzee huyu ana mashaka ya macho. Karim akanitazama. "Mzee Maganga, umewahi kufika mwendo gani?"

Nikamwambia ukweli. Mwendo wa kuteremka, breki zikiwa zimeniaga.

Akacheka mpaka mafundi wakacheka. "Basi huyo ndiye. Gari langu, shingo yake."

Ndugu Elirehema akatafakari kidogo. Akasema ananiruhusu Jumanne. Yeye mwenyewe atakuja. Aone.

Kondo kanikonyeza. Nilitaka kumkaba.

Jumapili, 13 Juni

Ibada. Mchungaji kahubiri juu ya subira. Nilihisi anamsema Bibi Harusi.

Baada ya chakula nimeenda kuliangalia lile jekundu uani kwa kina Karim. Nikajaribu kuingia. Kuna vyuma ndani kama kizimba cha kuku, lazima upite kwa kichwa, kisha kiuno, kisha uombe Mungu. Tumbo ndilo lililobaki nje. Mama Karim kanitazama dirishani akiwa na chai, hakutabasamu, ni mama mstaarabu. Kiti ni kama beseni. Mkanda ni wa kufungia mzigo.

Usukani ni mdogo. Wa Bibi Harusi nauzungusha kama anayesonga ugali wa harusi. Huu ungetosha kisahani cha chai.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu Mama Nyamizi nimemwambia siogopi. Hakuniamini, lakini kasema atapika ugali wa mtama Jumanne asubuhi ili niwe mzito.

Jumatatu, 14 Juni

Urambo. Kurudi. Gia ya tatu imegoma kabisa.

Ikiwa kesho nitaharibu, hizi ni safari zangu za mwisho mwisho. Nimeitazama njia yote kama mtu anayehama nyumba.

Jumanne, 15 Juni

Niandike yote kabla usingizi haujanichukua.  

Tumefika uwanjani jua likiwa bado la chini. Ule uwanja sasa ni changarawe na majani, umenyooka. Mwisho wake Karim kachonga njia ya mzunguko inayoingia kwenye miombo, inakata kipande cha njia ya zamani ya misafara, inapinda kwenye kichuguu kirefu kumzidi mtu, inarudi uwanjani. Babu yangu alipita palepale. Alikuwa kirangozi, mtu wa mbele, mwenye ngoma na manyoya kichwani, na hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Mjukuu wake leo kaletwa kutimua vumbi.

Madereva na mafundi walikuja wengi. Ndugu Elirehema alisimama peke yake kivulini, miwani ya jua, mikono nyuma.

Nikavalishwa kofia ngumu. Kondo akagonga juu yake kwa kidole: "Karibuni. Ndani hakuna mtu."

Mzunguko wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Nilikanyaga klachi kama ninavyoikanyaga ya Bibi Harusi, kwa mwili mzima na sala fupi. Mguu ukaenda mpaka chini, gari likaruka kama chura, likazima. Nikawasha. Likaruka. Likazima. Nilipoondoka hatimaye nilikwenda kwa adabu kubwa, nikasimama kila kona kuangalia kulia na kushoto, kwenye uwanja usio na mtu. Karim nyuma yangu alikuja ametoa mkono dirishani, amelaza shavu.

"Mzee," akaniambia tuliposimama, "vumbi halitoki. Hata mbuzi waliolala njiani hawakuamka."

Kicheko. Mimi pia nikacheka, ni ugonjwa wangu. Lakini nilimwona Ndugu Elirehema. Aliitazama ardhi. Alikuwa ameshapata jibu lake, na halikumfurahisha. Nikaona matairi ya stoo yamepangwa mpaka darini.

Kondo akaja na kitambaa, kana kwamba anafuta kioo. Akaingiza kichwa dirishani. Nilidhani sasa ataniambia neno la kirafiki.

"Unajua babu yako alipofika Bagamoyo alifanya nini? Aliiona bahari, akauliza nani kamwaga maji yote haya. Babu yangu alizimia kwa kicheko. Lakini alifika, Maganga. Kwa miguu, na pembe begani. Wewe umekalishwa kwenye kiti, umefungwa mkanda, unasukumwa na farasi wote hawa, na bado unachelewa. Kweli ninyi ni mizigo siku hizi, si wapagazi."

Akaondoka. Hakutabasamu hata kidogo. Midomo ilikuwa inamtetemeka.

Ndipo hofu ikanitoka. Sijui ilitokea wapi, dirishani labda. Nikakanyaga.

Loo.

Gia ya pili. Ya tatu. Ya tatu! Ile ninayoibembeleza wiki nzima, gari hili limeipokea kama mgeni aliyekuwa akingojwa kwa chakula. Ya nne. Mgongo ukagandamana na kiti. Majani pande zote mbili yakawa kamba moja ya kijani. Mlio haukuwa mlio wa gari, ulikuwa kama shangwe ya wanawake mtoto anapozaliwa. Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, nadhani ni Kinyamwezi, na nadhani mchungaji asingelipenda.

Kona ya kwanza mkia ukataka kunipita. Huo ninaujua. Lori lenye tumbaku kwenye tope la Machi hufanya hivyohivyo, ila kwa uvivu. Unaufuata unakotaka kwenda, kisha unaubembeleza urudi. Ukarudi. Nikacheka ndani ya kofia, pumzi ikanirudia na harufu ya mtama.

Nilipotoka kwenye miombo nilitazama kioo. Nyuma yangu hapakuwa na dunia. Palikuwa na wingu jekundu lililosimama mpaka mbinguni, na ndani yake, mahali fulani, mtoto wa duka la vitambaa akipiga honi.

Hakunipita. Raundi ile na iliyofuata. Alijaribu kulia, nikawa nimeshaondoka. Alijaribu kushoto, vivyo hivyo. Aliposhuka alikuwa na rangi ya tofali, meno tu ndiyo meupe. Akakohoa, akatema, akasema, "Mzee! Nilikuambia utoe vumbi, sikukuambia uondoke nalo!"

Madereva walinibeba. Walijaribu, nirekebishe. Waliniinua kidogo wakaniweka chini kwa sababu ya ule ugali.

Baada ya chakula Karim akasema kiti cha pembeni kinataka mtu. Bila uzito gari linacheza mno. Nani atapanda? Kila mtu akakumbuka watoto wake. Kisha, polepole, macho yote yakahamia kivulini.

Yeye ndiye aliyesema ataamini akiona. Ndugu Elirehema akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni, akaja. Niseme ukweli, nilimpenda wakati ule. Alikuwa na rangi ya jivu na alikuja.

Kondo ndiye aliyemfunga mkanda. Akaukaza vizuri, akaupapasa. "Ndugu mkuu, ukimsikia anakoroma, mguse tu bega."



Tukaondoka. Uwanja ulipofunguka mbele, gia ya nne, alikuwa ameshika chuma cha juu kwa mikono miwili. Shati lile jeupe lilikuwa tayari limekwisha. Akaniita kwa sauti ya ofisini, ila juu zaidi.

"Mzee Maganga!"

"Naam!"

"Unaona nini kule mwisho?"

Kule mwisho, ng'ambo ya uwanja, palikuwa na watu wadogo kama punje za mchele.

"Namwona Kondo!"

"Anafanya nini?"

"Ananizomea! Na shati kakosea vifungo!"

 Tukaingia kwenye miombo. Mkia ukacheza, nikaubembeleza. Tukaikata njia ya babu, nikainamisha kichwa kidogo kama anayepita mbele ya wakubwa. Nyuma yetu Karim alikuwa akinguruma kwenye wingu. Na mbele, kwenye kona, kikatokea kile kichuguu, kirefu, kimenyooka, kimesimama palepale kama askari wa barabarani.

Sikupanga. Naapa. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nilikipigia honi. Ndefu. Kisha nikapunguza mwendo kwa ajili ya kona, nikatoa kichwa kidogo nikakiambia, "Shikamoo!"

Tukakipita kwa upana wa kiganja.

 Nikafikiri, basi, Maganga, umekwisha. Usukani ulikuwa mikononi mwako ukautupa kwa ajili ya kichekesho. Kisha nikasikia sauti mbaya, kama bomba la moshi limekatika. Nikaangalia saa za injini, zote nzima. Nikageuka.

Ni yeye. Alikuwa anacheka. Macho yamefumba, machozi yanachora mistari kwenye vumbi.

"Hakikuitikia!" akapiga kelele.

"Kina kiburi!" nikamjibu. "Ukoo mmoja na Kondo!"

Akapiga goti lake kwa ngumi. Nikakanyaga mpaka mwisho. Uwanja wote ule, mwanzo hadi mwisho, mimi na mkuu wangu tukipiga kelele kama vijana waliotoroka jando, na Karim nyuma hatuoni kwa vumbi. Sijawahi kwenda vile. Sitakwenda tena. Nilitaka ardhi iongezwe.

Tuliposimama watu walisogea. Ndugu Elirehema akafungua mkanda, akatoka kwa shida ileile iliyonipata mimi, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Kondo. Akasimama mbele yake. Mwekundu wa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Akalitazama lile shati la Kondo, juu mpaka chini.

"Fundi," akasema, "vifungo."

Kondo akajiinamia. Kifungo cha juu kilikuwa kwenye tundu la pili, na vingine vyote vimefuata.

Hapo uwanja ukalipuka. Kondo akatazama vifungo, akanitazama mimi, akakaa chini kwenye changarawe. Alisema kitu ambacho sikukisikia. Alikuwa ameuficha uso kwenye kile kitambaa cha grisi, mabega yanamtikisika. Nilidhani anacheka. Nilipofika karibu nikakuta sivyo.

Nikampiga teke mguuni. "Amka, mzigo."

Akaamka.

Jumatano, 16 Juni

Siwezi kugeuza shingo. Mama Nyamizi kanikanda kwa maji ya moto na kunihoji kuhusu kila kona. Kile kichuguu kaniomba nikirudie mara nyingi.

Mkuu kaniita. Alikuwa na shati jipya, lakini masikioni bado mna vumbi. Nimeliona. Nina macho.

Stoo ya matairi itapata mtu mwingine. Mimi nabaki na usukani wangu. Kisha akasimama, akaenda dirishani, akaniuliza bila kugeuka: hivi utani huu, mtu anaingiaje? Nikamwambia hauingiwi, unazaliwa nao, na yeye na sisi hatuna. Lakini mgeni akikaa sana watu humzoea.

"Namna gani?"

Nikamwambia nitakapomwona kuwa ameshakuwa wa hapa, nitamtukana kidogo, ajue.

Akasema asante, atasubiri. Alisema kwa uzito, kama anayesubiri barua ya kuthibitishwa kazini.

Mlangoni nikageuka. "Ndugu mkuu, kwa kelele zile za jana, ng'ombe wa Ntalikwa watatoa mtindi."

Sura yake ilikuwa ya kuwekwa kwenye fremu.

Jumamosi, 19 Juni

Nimeingia uani kwa Kondo bila hodi, nimemkamata jogoo wake mkubwa, yule mwenye mkia mweusi, nikaondoka naye kwapani. Ni haki yangu. Utani wake ulitaka kuninyang'anya usukani, mimi nimechukua jogoo, tumemaliza. Mke wa Kondo alinishikia mlango. Kondo alinifuata mtaa mzima akiwapigia watu kelele kwamba Mnyamwezi kaiba, tazameni, kazoea kubeba vya watu. Kila aliyesikia alisema nimbebe na mwenye jogoo.

Jogoo tumemla kwetu, na wali. Karim alikuja kuaga, treni yake ni kesho. Ndugu Elirehema alikuja pia, na soda. Kondo ndiye aliyekula mapaja yote mawili. Aliyapeleka mdomoni akinitazama machoni.

Hatujazungumza juu ya alivyolia. Wala hatutazungumza.

Karim kaniachia ile kofia ngumu. Mama Nyamizi anaipimia mahindi.

Jumatatu, 21 Juni

Urambo. Marobota, turubai, kamba. Asubuhi ya baridi, moshi wa majani yaliyochomwa umelala chini kando ya reli.

Kondo kairekebisha gia ya tatu. Inaingia. Sikuitumia sana. Nilikaa kwenye ya pili nikitazama nje.

Kwenye ule mwinuko wa kuingilia mjini, yule wa baiskeli akanifikia tena. Leo kapakia meza. Inaelekea anajenga maisha. Akapiga kengele.

Nikasogea kando, nikamnyooshea mkono apite. Akashangaa kidogo, akaniamkia, akapanda taratibu mpaka juu akatoweka na meza yake.

Ana haraka zake. Mimi zangu nimeshazimaliza.